Mashine ya kupasulia kuni: ya kufunga kwenye trekta au yenye injini yake? Wenye uzoefu tusaidiane

Mkaratusi_Mufindi (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Niko Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Nina mikaratusi ya familia, na mingine nanunua kwa majirani ikiwa bado imesimama. Nakata na kuuza kuni za boila kwenye kiwanda cha chai. Zinatakiwa ziwe na urefu wa mita moja, na gogo lolote nene lazima liwe limepasuliwa, vinginevyo mzigo unarudishwa getini. Hadi leo tunapasua kwa shoka, kabari za chuma na nyundo. Magogo membamba hayana shida. Kazi iko kwenye shina la chini, lenye kipenyo cha sentimita 40 kwenda juu. Vijana wanalikwepa mpaka linakaukia shambani, na mkaratusi ukishakauka kabari inaruka badala ya kuingia. Mbao haliwezi kutoa, kuni halitoi, linabaki pale linaoza. Inaniuma kwa sababu ndiyo sehemu yenye uzito mkubwa kuliko zote kwenye mti.

Nimeamua kununua mashine ya haidroliki. Nimeonyeshwa aina mbili. Ya kwanza inafungwa nyuma ya trekta na kutumia nguvu ya trekta. Trekta ninayo, Massey Ferguson 375, hosipawa 75, ninalimia mashamba yangu na kukodisha msimu wa kulima. Ya pili ina injini yake ndogo ya petroli ya hosipawa 6.5 na magurudumu mawili, inavutwa hata na pikapu.

Bei hazijapishana sana kiasi cha kuniamulia. Ninachotaka ni uzoefu wa mtu aliyefanya kazi na mojawapo kwa msimu mzima, siyo aliyeiona kwenye video. Vijana wangu wa kazi ni wanne pamoja na dereva.

Naomba kuwasilisha.

Kinyanambo_A

Mkuu, trekta unayo, sasa injini ya pili ya nini? Kila injini unayoongeza ni plagi, filta, kabureta na fundi mwingine wa kumtafuta. Massey inajulikana, spea ziko Mafinga hapo hapo. Hosipawa 75 dhidi ya 6.5 wala siyo mjadala. Chukua ya trekta.

Fundi_Chuma_Iringa

Kinyanambo, hosipawa 75 hazifiki zote kwenye kabari. Ngoja nieleze kidogo maana hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mashine wasiyoihitaji.

Nguvu ya kupasua ni presha ya oili mara eneo la uso wa pistoni. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 ina eneo la sentimita za mraba 78 na nusu. Ukiisukuma kwa bar 180 (bar ni kipimo cha presha) unapata kama tani 14. Silinda ya milimita 125 kwa presha hiyohiyo inakupa kama tani 22. Kwa hiyo muuzaji akikwambia mashine yake ni tani 30, muulize kipenyo cha silinda na presha inayofikiwa, kisha piga hesabu mbele yake. Mara nyingi namba iliyoandikwa ubavuni ni kubwa kuliko inayotoka kwenye hesabu.

Spidi ni habari nyingine kabisa, inatokana na lita za oili zinazosukumwa kwa dakika. Kuni zako ni za mita moja, kwa hiyo pistoni inatakiwa kutembea karibu mita nzima. Silinda ya milimita 100 hapo inataka karibu lita 8 za oili kwenda tu. Haidroliki ya ndani ya trekta nyingi za zamani inatoa chini ya lita 20 kwa dakika. Chukulia 17: pistoni itatumia karibu nusu dakika kwenda, bado kurudi. Ukipewa lita 40 kwa dakika, safari hiyohiyo inachukua sekunde 12. Ukiongeza unene wa silinda bila kuongeza lita, unapata nguvu lakini unazidi kuchelewa.

Kwa hiyo mleta uzi, unaposema "ya trekta" sema ni ipi, kwa sababu ziko mbili na hazifanani:

Kuna ile inayochomekwa kwenye matundu ya oili ya trekta yenyewe. Hiyo ni rahisi na nyepesi, lakini Massey za aina yako oili ya haidroliki ndiyo hiyohiyo ya giaboksi na difu. Mpira ukipasuka shambani unamwaga oili ya giaboksi. Vijana wakichomeka koplo (kiungio cha mpira wa oili) bila kuifuta, vumbi linaenda kwenye gia. Binafsi siipendi kwa kazi ya kutwa nzima.

Nyingine ina pampu na tangi lake, trekta inazungusha tu shafti ya PTO, yaani ile shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine nyingine. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, spidi ndogo mno kwa pampu za kawaida za gia, kwa hiyo lazima katikati kuwe na giaboksi ya kuzidisha mara tatu hivi, au pampu kubwa iliyotengenezwa kwa spidi hiyo. Mashine ya namna hii ikiwa imetengenezwa vizuri ni kiboko. Oili yake haichanganyiki na ya trekta, na lita 40 au 50 kwa dakika unazipata bila shida.

Kinyanambo_A

Nimekuelewa fundi. Sasa ile ya petroli yenye hosipawa 6.5 inawezaje kupasua gogo la sentimita 50?

Fundi_Chuma_Iringa

Inaweza, kwa sababu ya pampu ya hatua mbili. Ndani kuna gia mbili. Wakati pistoni inatembea hewani, zote zinasukuma oili, inakwenda haraka. Kabari ikigusa gogo presha inapanda, na ikifika kama bar 40 gia kubwa inajitoa yenyewe, inabaki ndogo inayotoa oili kidogo kwa presha kubwa. Ukisimama karibu unaisikia: injini inaguna, inashuka kidogo, halafu pistoni inaanza kusogea taratibu. Gogo linatoa mlio, ufa unatokea upande wa pili, na likishafunguka injini inapanda tena na pistoni inakimbia.

Hesabu yake: bar 180 kwa lita 11 kwa dakika ni kilowati 3.3 tu. Hosipawa 6.5 ni kilowati 4.8. Inatosha na chenji inabaki.

Lakini angalia kitu kimoja ambacho hakijatajwa. Hizi ndogo za petroli nyingi zinazoletwa huku zimetengenezewa kuni za kuota moto majumbani huko Marekani, urefu wa kuni zao ni mfupi. Pistoni inatembea sentimita 60 au pungufu. Za trekta zinazotoka Ulaya, zile za kusimama wima, zinapokea gogo la mita moja au zaidi kidogo. Mleta uzi, kapime urefu wa kitanda, pale gogo linapokaa, kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Yadi_ya_Miwati_Njombe

Wakuu, nimesoma mpaka hapa na nataka nimrudishe mleta uzi kwenye jambo moja. Mimi ni mwanamke ninayesimamia yadi ya kuni Njombe, miwati na mikaratusi, mashine ninayo na trekta ninayo. Tani na lita ni muhimu, lakini kitakachokuumiza au kukuokoa ni ratiba ya trekta yako.

Chukua kalenda uikague. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuisha kuelekea Mei. Chai inachipua kwa wingi wakati wa mvua, na hapo ndipo boila linakula kuni nyingi. Kuni za kipindi hicho lazima ziwe zimeshapasuliwa na kukauka kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Sasa trekta yako inalima kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Ukiangalia juujuu utasema safi, kiangazi trekta imekaa, ifungwe mashine ya kupasulia.

Imekaa kweli? Nani anavuta magogo kutoka mabondeni kiangazi? Wengi wetu huku ni trekta hiyohiyo na tela. Malori hayashuki kwenye mashamba yetu hata kiangazi, na mvua zikianza ndiyo kabisa. Kwa hiyo jiulize, saa nne asubuhi mwezi wa nane, trekta yako iko wapi? Kama iko bondeni inapakia, haiwezi kuwa yadi inapasua. Na kama iko yadi inapasua, magogo hayaji. Nimeona yadi ya jirani wanafanya hivi: asubuhi wanafunga tela, wanaleta mzigo, wanafungua tela, wanarudisha mashine nyuma ya trekta, wanaunganisha shafti, wanapasua, jioni wanafungua tena. Vijana wanakaa kwenye magogo wanasubiri, na malipo ya siku yako palepale.

Tena kuna suala la saa za injini. Massey inatakiwa kumwaga oili kila saa 250. Ukipasua saa sita kwa siku, saa hizo zinaisha kabla ya miezi miwili ya kazi, na trekta nzima ya hosipawa 75 imechoka kwa kazi inayohitaji hosipawa chache. Dizeli nayo, trekta ikizungusha PTO kwenye 540 injini iko kama mizunguko 1800, inakunywa lita nne au tano kwa saa hata gogo likiwa jepesi.

Msimamo wangu: kama una trekta moja na ndiyo inayovuta, nunua yenye injini yake. Kama unakodi usafiri wa kuvuta, au una trekta ya pili, hapo ya PTO inakupa kazi nzuri zaidi. Katikati ya hapo sioni.

Mkaratusi_Mufindi

Dada wa Njombe, ubarikiwe. Swali la saa nne asubuhi limenikalisha chini. Trekta ni moja na ndiyo inayovuta, hasa upande wa bondeni ambako hata Canter haifiki. Oktoba ikianza wateja wa kulima wanapiga simu mfululizo, huku kwetu ekari moja siyo chini ya elfu sitini, siwezi kuwaambia wasubiri nipasue kuni.

Lakini fundi naye amenitisha na urefu wa kitanda. Nimempigia muuzaji, hiyo ya petroli inapokea sentimita 60 tu.

Majani_Chai_Kericho

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Kericho, Kenya, hapa nasi tuko na viwanda vya chai kila upande na karibu vyote boila ni za kuni.

Ndugu wa Mufindi, hiyo sentimita 60 isikukatishe tamaa haraka, lakini pia usiipuuze. Mkaratusi ukiwa mbichi unapasuka vizuri, mara nyingi kabari ikiingia nusu gogo lote linafunguka mpaka mwisho. Shida ni kwamba kwa mashine ya sentimita 60 gogo la mita moja haliingii kitandani hata kidogo, kwa sababu kuna kibati cha kusukumia upande mmoja na kabari upande wa pili. Kwa hivyo utalazimika kukata vipande vya nusu mita, na kiwanda chako kikitaka mita moja utakuwa umeharibu mzigo. Uliza meneja wa boila kwanza. Wengine wanakubali vifupi, wengine wanakataa kwa sababu wanapanga kwa mita na vifupi vinawasumbua kupima.

Jambo la pili, pasua ikiwa mbichi, usingoje hata mwezi. Mkaratusi una nyuzi zilizosokotana, ukikauka hata mashine ya tani 22 inalia. Na gogo zima halikauki ndani. Ganda likishatoka nje inaonekana kavu, ukipasua ndani maji yapo. Kuni mbichi nusu ya uzito wake ni maji, kilo moja inatoa joto la megajuli kama 8. Ikikauka ikafika asilimia 20, kilo hiyohiyo inatoa 14 au 15. Ndiyo maana viwanda hapa vinajenga mabanda ya kuni na kuziweka humo miezi kabla ya kuchoma. Ukiweza kupeleka kuni iliyopasuliwa na kukauka, jadiliana bei yako kwa ujasiri, kwa sababu unawaokolea mzigo.

Huku kwetu serikali ilipofunga ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, mpaka ilipofungua Julai 2023, kila mtu aligeukia miti ya wakulima. Hapo ndipo watu walianza kuheshimu shina la chini lililokuwa likiachwa shambani. Hasira yako juu ya hilo shina naielewa kabisa.

Mkaratusi_Mufindi

Asante ndugu yangu wa Kericho. Meneja amekataa vifupi. Mita moja au basi.

Fundi, kuna njia ya tatu? Nina pawatila (trekta dogo la kushika kwa mikono) imelala tangu chasisi yake ipinde, injini nzima. Ni ile ya dizeli ya silinda moja, hosipawa 12, ya kuzungusha kwa hendeli. Inaweza kufungwa kwenye mashine ya kupasulia yenye kitanda cha mita moja?

Fundi_Chuma_Iringa

Hapo sasa umeongea. Hiyo ndiyo mashine ambayo ningekushauri tangu mwanzo kama ningejua unayo injini.

Injini hizo za silinda moja, aina ya S195, zinazunguka mara 2000 kwa dakika, polepole kuliko petroli ndogo ambayo inakwenda 3600. Pampu ya hatua mbili iliyopimwa lita 60 kwa spidi ya 3600, ukiizungusha kwa 2000 inatoa kama 33. Siyo mbaya. Ukitaka zaidi unaweka puli kubwa kwenye injini na ndogo kwenye pampu. Lakini usifunge puli moja kwa moja kwenye shafti ya pampu! Pampu ya gia haipendi kuvutwa pembeni na mkanda, itakula beringi na sili ndani ya msimu mmoja. Weka shafti fupi yenye beringi zake mbili, puli ikae hapo, halafu pampu iunganishwe kwa kapulingi mwishoni. Mafundi wengi wa mitaani wanaruka hatua hii kwa kubana gharama, na mteja anaambiwa pampu ilikuwa feki.

Mambo mengine ya kusimamia:

Tangi la oili lisiwe chini ya lita 50. Tangi dogo oili inachemka, ikichemka inakuwa nyepesi, nguvu inapungua mchana wakati asubuhi mashine ilikuwa nzuri. Tumia oili ya haidroliki namba 68. Mpira wa kunyonya kutoka kwenye tangi uwe mnene na mfupi, usipinde. Filta iwekwe upande wa oili inayorudi. Geji ya presha ni lazima, bila geji huwezi kujua kama valvu ya kulinda presha imelegezwa au pampu imechoka.

Kitanda kitengenezwe kwa boriti ya chuma ya umbo la H, siyo bomba la mraba la kuungaunga. Tani 14 zinazosukuma gogo zinasukuma na kitanda pia. Kikiwa dhaifu kinapinda kama upinde na silinda inachubuka ndani.

Matumizi ya dizeli hesabu lita moja mpaka moja na nusu kwa saa. Linganisha na nne au tano za trekta alizosema dada wa Njombe.

Dereva_wa_Massey

Wakubwa shikamooni, na mimi nichangie kidogo, mimi ni dereva na nimefanya kazi na ya PTO kwa mwajiri wangu wa zamani. Inapasua vizuri sana, sina la kuilaumu kwenye nguvu. Ninachoomba kwa yeyote atakayenunua ya aina hiyo ni kava la plastiki la shafti. Likivunjika msiseme tutaweka kesho. Shafti inazunguka mara 9 kwa sekunde moja, na asubuhi huku kuna baridi, watu wanavaa makoti makubwa na mitandio. Ikikamata kitambaa hupati nafasi ya kuvua. Na kuna zile za parafujo yenye umbo la koni, zinafungwa kwenye PTO na gogo unalisukuma kwa mkono wakati koni inazunguka. Hizo tafadhali kaeni nazo mbali.

Na kwa mashine zote, za trekta na zenye injini: mpira wa oili ukianza kuvuja kidogo, usipitishe kiganja kutafuta tundu. Oili ya presha ile inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa sindano tu, mtu anakipuuza, kumbe ndani mkono unaharibika na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, siyo kesho. Zima injini, vuta lever mbele na nyuma presha itoke. Ukilazimika kutafuta tundu ikiwa inafanya kazi, tumia kipande cha boksi, simama mbali, oili itachora kwenye boksi.

Jingine, anayeweka gogo ndiye ashike lever. Mkiwa wawili, mmoja anaweka na mwingine anavuta lever, siku moja wataacha kuelewana. Vidole haviwahi kurudi.

Yadi_ya_Miwati_Njombe

Mwanangu dereva, umesema maneno ambayo kila mwenye yadi anatakiwa kuyabandika ukutani. Kwangu lever ni mbili na lazima mikono yote miwili iwe juu yake ndiyo pistoni itembee. Ukiachia mmoja, inasimama. Mleta uzi, mwambie fundi atengeneze hivyo hivyo.

Naongeza kuhusu uzito, maana naona tunazungumza kama magogo yanajibeba. Pingili ya mita moja yenye kipenyo cha sentimita 50, ikiwa mbichi, inakaribia kilo 200. Vijana wanne wanaliinua gogo kama hilo mara ngapi kwa siku kabla mgongo haujasema? Kwa magogo yako kitanda cha kulala hakifai kama kiko usawa wa kiuno. Ama kiwe chini kabisa, karibu na ardhi, gogo libiringishwe likaingia, au mashine isimame wima gogo lisimamishwe chini ya kabari. Mimi nina ya kulala, nimechimba mtaro mashine ikazama, kitanda kikawa usawa wa ardhi. Magogo yanashushwa kwenye kijimwinuko juu yake na kubiringika yenyewe. Kazi imekuwa nyepesi kuliko faida yoyote niliyopata kwa kuongeza presha.

Nishati_Mbadala

Naomba niulize swali la soko, siyo la mashine. Mleta uzi, mzigo wako wote ni kiwanda au na shule zimo? Kumbukeni serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Utekelezaji kila mahali una mwendo wake, lakini uelekeo unajulikana. Nisingeshauri mtu aweke mtaji mkubwa wa mashine akitegemea jiko la sekondari ya bweni.

Mkaratusi_Mufindi

Swali zuri mkuu. Shule nilikuwa nazo mbili, moja imeshahamia gesi na nyingine imepunguza oda. Sasa ni kiwanda, na wachoma matofali wachache ambao wanachukua mabanzi ya mipaini kutoka kwa wenye ding'dong (mashine ndogo za kupasulia mbao), hawahitaji kupasuliwa. Mahesabu yangu yote nimeyaweka kwenye boila la chai, na hilo ndilo linanifanya nitake mashine inayoweza kuuzwa au kufanya kazi nyingine siku mambo yakibadilika.

Kinyanambo_A

Hapo ndipo narudi kwenye hoja yangu ya mwanzo kwa upande mwingine. Mashine ya PTO ukiiuza, mnunuzi lazima awe na trekta. Yenye injini yake anaweza kuinunua yeyote. Na injini ya pawatila ukiifungua kesho inasaga mahindi au inavuta maji. Nakubaliana na dada wa Njombe, kwa mtu mwenye trekta moja inayovuta, ya kujitegemea.

Ila niwaulize, wizi? Trekta inalala nyumbani. Mashine yenye injini inalala yadi.

Yadi_ya_Miwati_Njombe

Injini ifungwe kwa boliti nne kwenye slaidi, jioni inatolewa inaingia stoo. Kilichobaki ni chuma chenye uzito ambao mwizi hawezi kuubeba bila kuamsha kijiji. Pampu ndiyo ya kuangalia, iwekewe boksi la bati lenye kufuli.

Mkaratusi_Mufindi

Wakuu nimefikia uamuzi, nawashirikisha ili mwenye kuona kasoro aseme kabla sijalipa.

Naacha zote mbili nilizoonyeshwa. Ya trekta naiacha kwa sababu trekta kiangazi chote iko kwenye tela na Oktoba iko kwenye plau. Ya petroli naiacha kwa sababu kitanda chake hakipokei gogo la mita moja. Natengenezesha yenye injini ya pawatila: silinda ya milimita 125, mwendo wa mita moja, pampu ya hatua mbili, shafti ya katikati yenye beringi, tangi la lita 60, lever mbili. Inawekwa kwenye mtaro yadi, trekta inashusha magogo kwenye mwinuko juu yake. Miti inayokatwa wiki hii inapasuliwa wiki hii, na mashina ya chini yote yanapandishwa, hakuna kinachobaki bondeni. Tayari nimeongea na mafundi wawili, mmoja Mafinga na mmoja Iringa mjini.

Fundi_Chuma_Iringa

Umepanga vizuri. Nina mawili tu.

Silinda ya milimita 125 kwa mita moja inataka lita 12 na zaidi kwenda. Kwa lita 33 kwa dakika, safari nzima ni sekunde 22 pistoni ikitembea kwa spidi ya hatua ya kwanza, na ikikutana na gogo gumu inazidi hapo. Kwa kazi yako ni sawa kwa sababu mkaratusi mbichi utafunguka katikati ya safari na utairudisha kabla haijafika mwisho. Mwambie fundi aweke kizuizi kinachosogezwa kwenye njia ya kurudi, ili pistoni isirudi mpaka mwisho wakati gogo linalofuata ni jembamba au fupi. Kwa siku nzima hicho kizuizi kitakupa mzigo mwingi kuliko kuongeza hosipawa.

La pili, usilipe salio kabla hujaiona ikipasua. Peleka gogo lako mwenyewe kwenye karakana, lile la chini lenye vifundo na maungio ya matawi, siyo pingili laini aliyoandaa fundi. Iendeshwe saa nzima mfululizo, halafu shika tangi kwa mkono. Kama mkono unavumilia, oili iko salama. Kama huwezi kuushikilia hapo, tangi ni dogo au mpira wa kurudishia umebana, na arekebishe palepale kabla mashine haijapanda gari.